Tupeane uzoefu: gari la zero kilomita, la kutoka Japani au la mkononi, kwa sisi wa Mwanza

Mwanzisha mada, Buswelu

Habari zenu ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa. Ninaomba tupeane uzoefu kuhusu jambo ambalo kila mtu hapa mjini hulizungumzia kwa uhakika mkubwa, lakini ni wachache wanaoeleza yaliyowakuta baada ya kulipa. Ninakusudia kununua gari la familia. Ninaishi Buswelu, kazi yangu iko mjini kati, na wazazi wapo Sengerema. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, safari ile iliyotegemea foleni ya kivuko imekuwa ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kwa hiyo gari ninalolitafuta halitakuwa la kuzungukia mjini tu.

Nina njia tatu. Benki iko tayari kunikopesha kwa dhamana ya mshahara ili nichukue gari jipya kabisa, la zero kilomita. Akiba niliyonayo inatosha kuagiza gari dogo lililotumika Japani. Na kuna watu wanaouza magari ya mkononi, yaliyokwisha kutembea hapa nchini, kwa bei ambayo ingeniachia fedha ya kumalizia ukuta wa nyumba. Aliyepita njia mojawapo naomba aeleze gharama alizokutana nazo na sababu za uamuzi wake. Wale wa kutaja tu gari wanalolipenda naomba watuvumilie.

Ndugu wa Nyegezi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi niliagiza Japani, gari dogo la cc 1500, na sijutii, ila kuna mambo ambayo ningependa mwenzetu ayajue kabla ya kutuma hela.

TRA haikokotoi kodi kwa bei uliyonunulia, bali kwa thamani iliyomo katika mfumo wake, na kikokotoo chake kiko wazi kwenye tovuti yao. Ukimbembeleza muuzaji akakupunguzia dola 300, umeokoa hizo dola 300 tu, kodi haishuki nazo. Kinachoishusha kodi ni umri wa gari. Kwa viwango nilivyotozwa, ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya cc 1000 na 2000 ulikuwa asilimia 5, kisha VAT ya asilimia 18 ikaja juu ya jumla ya vyote hivyo. Gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na likizidi miaka 10 huongezewa asilimia 30. Ukipiga hesabu utaona kwamba kwa kila shilingi milioni 1 ya thamani iliyokadiriwa, gari la chini ya miaka 8 linadaiwa takribani 550,000, ilhali lile la zaidi ya miaka 10 linadaiwa takribani 990,000, na hapo tozo ndogondogo bado hazijaingia. Ndiyo maana gari la zamani linaloonekana la bei chee mtandaoni hufika bandarini likidaiwa kodi inayokaribia thamani yake yote. Nilipolinganisha gari la zamani na lenzake la miaka ya karibuni, tofauti niliyodhani ni kubwa ilipungua sana baada ya kodi, nikachukua la karibuni.

Usipuuze pia safari ya kutoka Dar es Salaam, ambayo ni zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga. Gari langu lilishuka melini likiwa na tairi za majira ya baridi, zile zenye mpira laini na vijikato vingi, ambazo Wajapani huzifunga kwa ajili ya theluji. Kwenye lami ya moto mpira ule hulainika na kuisha upesi. Wakala wangu alisisitiza kuwa tairi ni mpya kwa kuwa kashata (meno ya tairi) zilikuwa nzima. Nilisoma tarakimu nne zilizopigwa ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, nikaona kuwa zilitengenezwa miaka mingi iliyopita. Tulibadili zote, tukabadili oili na maji ya rejeta, ndipo dereva akaondoka. Gharama hizo hazimo kwenye hesabu ya mtu yeyote anayekuuzia gari.

Mama wa Mwaloni, Kirumba

Mimi nauza dagaa na samaki, na gari langu ni kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, la mkononi. Sikuona sababu ya kusubiri meli wakati mzigo uko mwaloni leo. Faida ya gari la hapa ni kwamba unalipa asubuhi na jioni linafanya kazi, na ukilinunua kwa mtu unayemfahamu, unajua limebeba nini na nani alikuwa analitengeneza.

Tatizo la magari ya kazi yetu ni kutu. Maji ya barafu na ya samaki huingia chini ya turubai la bodi na kukaa humo, na kwa juu rangi inang'aa. Nilipokwenda kuliangalia lile la kwanza nililooneshwa, niliomba bisibisi, nikainua zulia la nyuma ya kiti na kugusa maungio ya bodi, bisibisi ilizama. Muuzaji alikasirika, nikamwambia baba asante, nikaondoka. Lile nililonunua lilikuwa limebeba saruji na mabati, limekwaruzika kila mahali, lakini chuma kilikuwa kigumu. Watu walinicheka kwa mwonekano wake. Linasomesha watoto.

Mkerewe

Kwa sisi wa Nansio, kisiwani Ukerewe, swali ni rahisi zaidi. Gari litapita Bunda hadi Kisorya, litapanda kivuko kwenda Rugezi, na likiharibika huku, spea inatafutwa Mwanza na inakuja kwa meli. Kwa hiyo nilinunua Probox, la mkononi, kwa sababu kila fundi analijua na spea zake zimejaa kila duka. Gari jipya la aina ambayo fundi wa kisiwani hajawahi kuifungua ni mzigo, hata kama ungepewa bure.

Fundi wa Nyakato

Mwangaluka ndugu zangu. Ninaishi kwa magari ya wengine, ya Japani na ya hapa yote hunifikia, kwa hiyo sina upande. Nitaeleza tu namna ninavyolikagua gari la mkononi, kwa sababu naona wengi huliogopa bila kujua wanachokiogopa.

Mteja asiniite saa saba mchana gari likiwa limekwisha kuzungushwa. Huwa namwomba muuzaji asiliwashe asubuhi hiyo mpaka nifike, na jambo la kwanza ninalofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti. Nikikuta joto, najua kuna sababu ya kulipasha mapema, na mara nyingi sababu hiyo ni injini inayogonga au kutoa moshi wa bluu inapoamka. Likiwa la baridi, nafungua kifuniko cha oili kabla ya kuwasha. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko ni dalili kwamba maji yanachanganyika na oili, na gasketi ya silinda hedi inatiliwa shaka. Kisha nafungua rejeta. Magari mengi ya hapa yamejazwa maji ya bomba kwa miaka badala ya kuleanti (kipoozeo maalumu cha injini), na maji yakitoka na rangi ya kutu, naanza kumpigia mteja hesabu ya rejeta na pampu ya maji hapohapo ili aitumie katika kupatana bei.

Nageuza ufunguo hatua moja bila kuwasha. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime injini ikishaamka. Isipowaka kabisa, msifurahi, maana kuna mtu ameiondoa ili isiseme. Navuta pia mikanda ya viti mpaka mwisho, kwa sababu watu husafisha viti na mazulia lakini hawakumbuki mkanda uliojikunja ndani, na alama ya matope humo hueleza kama gari limewahi kuzama. Kilomita za kwenye dashibodi nazitazama mwisho. Ukingo wa usukani, mpira wa pedeli ya breki na kiti cha dereva husema zaidi, na hilo ni kwa magari ya Japani vilevile. Kwa haya, mwombe muuzaji karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, na ukiona R au RA ujue gari liliwahi kupata ajali likatengenezwa.

Ndipo tunapanda mlima. Wenzetu wa Dar es Salaam hawana kipimo kama mlima wa Bugando, sisi tunacho bure. Nawasha kiyoyozi, watu wanne ndani, tunapanda taratibu, tunasimama katikati, tunaondoka tena. Giaboksi ya CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua) iliyochoka itajitaja hapo: injini inapiga kelele nyingi na mwendo hauongezeki. Nyingi ya hizo hazikufa kwa uzee, ziliuawa na mtu aliyeziwekea oili ya kawaida ya otomatiki. Hapohapo mlimani utaelewa pia kama gari la pistoni tatu linakufaa. Kwa mtu mmoja wa mjini halina neno, lakini kwa familia inayokwenda Sengerema na mizigo ya wazazi, ningeshauri cc 1300 kwenda juu.

Tukishuka naliingiza kwenye shimo la gereji. Nyumba zetu nyingi ziko kwenye miinuko ya mawe, Mabatini, Igogo, Isamilo, na gari la chini linalolala huko hupiga tumbo karibu kila siku. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) iliyobonyea naisamehe, iliyochomelewa siisamehe.

Mkandarasi, Ilemela

Niliyechukua zero kilomita ni mimi, pikapu, kwa mkopo wa benki, kwa sababu kazi zangu ziko Geita na mteja hakubali magari ya zamani ndani ya eneo lake. Kwa kazi hiyo lilinilipa. Lakini ndugu yetu wa Buswelu aingize katika hesabu mambo ambayo afisa mikopo huyapitia haraka. Benki inataka bima kubwa (inayolipia hata gari lako) muda wote wa mkopo, na kwa asilimia 3.5 gari la milioni 100 ni milioni 3.5, ambayo ikiongezwa VAT inafika milioni 4.13 kwa mwaka, wakati mwenye gari binafsi la bima ndogo (ya kulipia hasara za wengine tu) analipa 118,000. Jina la benki linakaa kwenye kadi ya gari pamoja na lako, kwa hiyo huwezi kuliuza ukibanwa. Huduma lazima ifanyike kwa wakala aliyeidhinishwa ili dhamana isivunjike, na bei yake haifanani na ya Nyakato (Fundi atanisamehe).

Nilichonunua kwa fedha hizo ni kutokupigiwa simu na dereva usiku. Kwa gari linalozalisha, sawa. Kwa la kupeleka watoto shule na kwenda kuwasalimu wazee, mshahara unakatwa miaka mingi kwa kitu kisichorudisha hata senti, na siku unapolitoa kwenye yadi, thamani imeshaanza kushuka.

Mwanzisha mada, Buswelu

Nawashukuru sana, na mkopo nimeuweka kando. Nimebaki na Toyota IST mbili, zote zimeundwa 2006 kwa mujibu wa kadi. Moja ni namba D na nyingine ni namba E (herufi inayofuata tarakimu kwenye kibao), na tofauti ya bei ni shilingi milioni 3. Je, herufi hiyo ina thamani hiyo?

Mstaafu wa Isamilo

Mwanangu, herufi inakwambia gari lilisajiliwa hapa nchini lini, haikwambii liliundwa lini. Hayo mawili ni rika moja. Lenye namba E limekaa miaka mingi zaidi Japani, ambako ukaguzi wa lazima hufanyika mara ya kwanza gari likiwa na miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, kwa hiyo ni kweli shokapu na bushi zake huenda ziko vizuri zaidi. Kulipia ubora huo ni haki, ila ubora huo uonekane kwenye shimo la Fundi, usilipe kwa sababu ya kibao. Kama lile la namba D limekuwa na mwenye mmoja anayeweza kukuonesha risiti za matengenezo, mimi ningeanza na hilo, na sehemu ya hizo milioni 3 ningeiweka kwa ajili ya tairi, betri na bushi.

Kabla ya kutoa fedha, ingiza namba ya gari katika mfumo wa Polisi wa makosa ya barabarani uone madeni, kwa maana madeni hayo hufuata gari. Linganisha namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, na uangalie kama kadi ina jina la benki. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, ukiwa na TIN zenu wote wawili, na mkubaliane mapema nani analipa ushuru wa stempu wa asilimia 1 na ada ya kuhamisha umiliki TRA, maana hapo ndipo watu hugombana. Wengi hapa mjini wanaendesha magari yenye majina ya watu waliokwisha kuhamia Dodoma, na siku ya kuuza wanaanza kuwatafuta. Wewe zuia sehemu ya fedha, iandikwe kwenye mkataba, uimalizie siku kadi mpya inapotoka ikiwa na jina lako.