Wa Kibokoni: picha ya Babu na Bibi

*Jumatatu*

Mama Swaleh, 20:14
Asalam aleikum nyote. Ile picha ya Babu na Bibi pale daraja la Nyali, lile la zamani la kuelea, twataka iunganishwe itundikwe ukumbini kabla ya Idd. Nusu ya Babu ninayo mimi. Nusu ya Bibi iko Malindi kwa Shangazi. Fundi wa fremu wa Mwembe Tayari yuwataka kazi Alhamisi, si Ijumaa. Kila nyumba mia tano. Nani yuko?

Feisal, 20:15
Nimo.

Mama Swaleh, 20:40
Naona mmesoma watu 19. Macho mnayo, vidole hamna?

Abuu, 20:43
Dada kazi ishaisha. Nimewaunganisha kwa simu, dakika mbili tu 👇🏾
[picha]

Salma, 20:44
Subhanallah, mbona Bibi amekuwa mrefu hivi

Mjomba Bakari, 20:44
Minazi ya Shelly yaona haya 😂😂

Salma, 20:45
😂😂😂 Mjomba wee

Mama Swaleh, 20:46
Hii si ya kucheka. Feisal, wewe ndiye mwenye kompyuta. Sema.

Feisal, 20:58
Abuu umevuta upande mmoja. Kwenye GIMP, ile programu ya kutengeneza picha, ukibadilisha ukubwa, kuna alama ya mnyororo baina ya upana na urefu. Ikiwa imefungwa, ukiandika urefu, upana wafuata wenyewe. Ikifunguka ndio watu huwa minazi.

Nusu mbili lazima ziwe na urefu mmoja kwanza. Ya Babu nimeiskani kwa nukta 600 kwa inchi, imetoka pikseli 2,100 kwenda juu. Ya Bibi ilipigwa kwa simu ikapitia WhatsApp, imebaki 1,600. Nikiipanua ifikie ya Babu itaingia ukungu usoni.

Mama Swaleh, 21:00
Itatoka ama haitatoka?

Feisal, 21:06
Itatoka ndogo. Zikikaa ubavu kwa ubavu ni pikseli 3,000 kwa 2,100, na ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni inchi 10 kwa 7. Wewe wataka A3, yaani karibu 4,961 kwa 3,508. Nipate nusu ya Bibi yenyewe mkononi niziskani zote mbili kwa 1,200, basi itatosha na kubaki.

Salma, 21:08
Na ule mkato katikati utauziba?

Feisal, 21:15
Nitapanua turubai upande wa kulia, nifungue ya Bibi kama leya ya pili, yaani tabaka lake peke yake, niisukume mpaka ziguse. Mkasi umekula kidogo tu pale katikati. Sitaki kubuni kitu ambacho hakikuwapo.

Lakini tazameni hapa, nimekuza ukingo wa nusu ya Babu. Vidole vinne vya Bibi viko begani kwake, na pete yaonekana. Kiganja kimebaki Malindi.

Salma, 21:16
Ya Rabbi 😢

Mama Swaleh, 21:18
Basi Shangazi, tia kwenye bahasha umpe dereva wa matatu ya asubuhi. Swaleh ataipokea stendi. Nimeshamwambia.

Mama Zuhura, 22:47
Ndio naona sasa, nilikuwa jikoni. Na albamu nzima je? Hiyo haitafutwi?

Mama Swaleh, 22:49
Zuhura, tuseme ya picha.

*Jumanne*

Shangazi Malindi, 05:52
Nimesoma. Albamu ilitoka kwangu siku ya khitma ya Mama, ikasemwa ni ya siku mbili. Huu ni mwaka wa saba. Nilipouliza nikaambiwa nang'ang'ania vitu vya maiti. Neno lile halijanitoka. Hii nusu imesalimika kwa sababu ilikuwa ndani ya msahafu wangu.

Mama Swaleh, 06:30
Shangazi, hayo ni ya zamani. Fundi yuwangoja.

Abuu, 06:34
Kwani biriani ya Idd mwaka huu ni kwa nani?

Mjomba Bakari, 06:35
Kwa Mama Zuhura. Mbuzi.

Salma, 06:35
Mama Zuhura viazi viwe vingi tafadhali 🙏🏾

Mama Zuhura, 06:41
Nani amesema ni kwangu?

Mama Swaleh, 06:42
JAMANI. PICHA.

Ami Mkuu, 09:03
Nimewasoma nyote. Siku ile darajani mimi nilikuwapo, nimeshika baiskeli ya Baba. Nusu ya Mama haitatiwa kwenye matatu kama mkate wa mofa. Aliyemwambia dadangu neno lile aende Malindi kwa miguu yake, amtake radhi, na albamu iwe mkononi. Mimi sina la kuongeza.

Mama Swaleh, 13:37
Nimesikia Ami. Albamu ninayo. Ila kurasa za mbele Kaka alizichukua akaenda nazo Dubai. Nitakwenda kesho na zilizobaki, inshaallah.

Salma, 13:38
🤲🏾

Feisal, 13:50
Shangazi, shikamoo. Skana yangu yaingia mkobani. Nikija nayo nikaiskani hapo hapo mezani kwako, nusu ya Bibi haitoki nyumbani hata kidogo. Nitahifadhi leya mbalimbali kwenye faili ya XCF, ile ya GIMP yenyewe, na nakala yote nikuachie.

Shangazi Malindi, 16:20
Marahaba mwanangu. Njoo wewe, na uje mapema ule. Huyo mwengine tutaonana akija.

Mama Swaleh, 16:22
Na fundi nimwambieje? Alhamisi ama baada ya Idd?

Mama Swaleh, 17:05
Mia tano zimeingia tatu. Nyumba ni kumi na moja.

Kaka wa Dubai, 23:31
Wa aleikum salam. Nimeingia kazini, ndio natoka. Kurasa ninazo, ziko salama. Nizipige picha niwatumie hapa?

Feisal, 23:33
Kaka usizitume kama picha. Kwa sasa zitume kama dokumenti, zisikatwe ukubwa. Na zenyewe uje nazo.

Mama Swaleh, 23:34
Uje nazo lini?