MREJESHO: Losheni ya siagi ya shea iliyokuwa inatengana

Wakuu, niliuliza kwa nini losheni ninayotengeneza hapa Gulu inaacha maji chini ya chupa baada ya wiki mbili, na kwa nini viskometa (kifaa kinachozunguka ndani ya losheni kupima ugumu wake wa kutiririka) inanipa namba tofauti kila nikipima.

Aliyesema napima ovyo alikuwa sahihi, ingawa iliniuma. Losheni hulainika ikikorogwa kwa kasi, ikitulia inarudi kuwa nzito taratibu. Mimi asubuhi nilipima kwa mizunguko 12 kwa dakika, jioni 60, tena ikiwa bado na moto wa sufuria! Sasa naipoza hadi nyuzi 25, naiacha nusu saa, kasi ni ileile. Namba zimetulia.

Kutengana nako kulikuwa na sababu yake. Chini ya hadubini matone ya mafuta yalikuwa makubwa kwa madogo, kama mtama uliochanganywa na maharage. Kipenyo cha tone kikipungua nusu, kasi yake ya kupanda juu hushuka hadi robo. Nilitupa mwiko, nikanunua blenda.

Pia nilijaribu lile jaribio la sindano iliyopinda, kuona ukubwa wa tone la mafuta ndani ya maji: unasukuma mafuta ya uvuguvugu yapande ndani ya maji yenye joto hilohilo. Bila kiunganishi (kile kinachosaidia mafuta na maji yachanganyike), tone linavimba sana kabla ya kung'oka. Nikikitia kwenye maji, linang'oka likiwa dogo, maana mvutano pale mafuta yanapokutana na maji umeshuka.

Chupa ya majaribio ina wiki ya tano, haijatoa maji. Harufu ya moshi bado ipo, hiyo nitauliza siku nyingine.