Kung'atuka: je, neno la Mwalimu limegeuzwa maana?

Msomaji wa Magazeti:
Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu. Nilipokuwa mdogo, neno "kung'atuka" lilikuwa na mwenyewe: tulilisikia likitajwa kwa Mwalimu Nyerere, aliyemkabidhi urais Mzee Ali Hassan Mwinyi mnamo Novemba 1985. Leo naliona kila mahali. Kocha aliyefungwa mechi tatu mfululizo "ametakiwa kung'atuka". Waandamanaji wa nchi za mbali wanataka rais wao "ang'atuke". Hata katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa aliambiwa ang'atuke kwa kuwa hesabu za daftari lake hazikulingana. Je, hii ni maana iliyokwisha kukubalika, au tunalitumia neno vibaya?

Mzee wa Mara:
Mwanangu, neno hilo Mwalimu alilitoa nyumbani kwao, katika Kizanaki, ambako lilihusu wazee wa rika moja kuwaachia madaraka wa rika linalofuata wakati wao ulipofika. Halikuwa na harufu ya kosa hata kidogo. Anayeondoka kwa kuwajibika, hata kama si yeye aliyetenda kosa, anajiuzulu. Ndivyo alivyofanya Mzee Mwinyi mwaka 1977 alipoacha uwaziri wa Mambo ya Ndani, baada ya watu kuteswa na kuuawa mikononi mwa vyombo vya dola. Kumwambia mtu "ng'atuka!" huku umemnyooshea kidole ni kama kumfukuza mgeni kwa maneno ya kumkaribisha.

Binti Mvita:
Shikamoo, Mzee. Huku kwetu Kenya mambo yamekwenda mbali zaidi, kwani tumelinyambua neno lenyewe: magazeti huandika kuhusu hoja ya "kumng'atua" gavana, na Naibu Rais Rigathi Gachagua alipoondolewa na Seneti mnamo Oktoba 2024 ilisemwa kwamba "ameng'atuliwa". Nakiri kwamba miaka mingi sikujua kama neno lina asili ya Kizanaki. Nilidhani limetokana na "kung'ata", kwa mfano wa funga na fungua, ziba na zibua, nikawa naona picha ya mtu aliyeking'ata kiti kwa meno na sasa amelazimika kukiachia. Huenda si mimi peke yangu niliyedhani hivyo, na pengine picha hiyo ndiyo iliyolipa neno ukali wake huku.

Mhariri Mstaafu:
Nimekaa chumba cha habari miaka mingi, na kosa hili nimelitenda mwenyewe mara nyingi. "Kujiuzulu" hudai barua na tarehe, "kuachia ngazi" ni maneno mawili, ilhali "ang'atuka" huenea vizuri katika kichwa cha habari bila kudai ushahidi wowote. Hata hivyo, sikubaliani na Mzee moja kwa moja. Mwalimu mwenyewe aling'atuka kwa awamu, maana uenyekiti wa CCM aliushika hadi mwaka 1990, kwa hiyo tangu mwanzo neno lilibeba zaidi ya ile desturi ya marika.

Linalonivutia ni unyambuaji aliouleta Binti Mvita, ambao wengi wetu Tanzania tungeukosoa upesi. Anayesema "ameng'atuliwa" anakiri kwamba yupo aliyemwondoa, na hivyo "ameng'atuka" hubaki kwa yule aliyeondoka kwa ridhaa yake. Sisi tunaoandika "ametakiwa kung'atuka" ndio tunaochanganya hiari na shinikizo katika kitenzi kimoja, kisha tunajiona walinzi wa urithi wa Mwalimu. Nadhani pia ninajua kwa nini tunafanya hivyo: anayetaka mkubwa aondoke humwazima heshima ya mwaka 1985 ili asionekane anamtukana, na huyo mkubwa naye huipokea kwa furaha.

Msomaji wa Magazeti:
Nawashukuru nyote, hasa Mhariri, kwa kuwa maneno yake yametimia kabla sijafunga mjadala. Katibu wetu ameondoka Jumapili iliyopita, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika muhtasari wa kikao. Niliandika "amejiuzulu". Jana usiku alinipigia simu, akaniomba kwa upole nifute, niandike "ameng'atuka".