Nani kawadanganya kwamba programu ya bure ni takataka? Nimechoka na dharau hii hapa Dodoma

Wakuu, heshima kwenu. Mnivumilie, nina hasira.

Mimi ni fundi kompyuta hapa mjini. Juzi nimeitwa chuo kimoja binafsi, jina naliacha, kuangalia maabara yao. Kila mashine imepigwa Windows ya kukraki. Ukichomeka flashi, folda zote zinageuka shotikati. Kuna binti alikuwa anahangaika na ripoti yake ya fildi, haifunguki, na kesho yake anatakiwa kuikabidhi. Nikashauri tuweke Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na LibreOffice ya kuandikia nyaraka, leseni hailipiwi hata senti, wanilipe ufundi tu. Mkuu wa chuo akanijibu mbele ya walimu: "Cha bure hakina ubora. Mtu halipwi, atabuni nini cha maana?"

Jamani! Simu aliyoishika ni Android, na ndani yake inaendeshwa na Linux hiyo hiyo! Linus Torvalds alianza kuiandika 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, akaiachia dunia. Richard Stallman alishatangaza GNU, mradi wa kuunda mfumo huru ambao yeyote anaweza kuutumia na kuubadilisha, tangu 1983. Kuanzia 2017, kompyuta 500 zinazoongoza kwa nguvu duniani zote zinatumia Linux. Takwimu za zahanati zetu, iwe Chamwino au Kongwa, zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na msimbo wake, yaani maandishi yanayounda programu, uko wazi kwa yeyote.

Najua kuna watakaosema siku hizi makampuni makubwa yanalipa watu waandike Linux. Ni kweli. Lakini yalikuja yakakuta kitu kinafanya kazi, na kwa GPL, leseni inayotumiwa na Linux, wakiisambaza lazima watoe na msimbo wa walichobadilisha.

Halafu hili ndilo linaloniuma zaidi: pale wanafundisha TEHAMA! Kijana analipa ada asomee programu, halafu anakalishwa mbele ya kitu cha wizi asichoweza kukifungua aone kimeundwaje. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, menyu zote Kiswahili. Waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, hawakumpigia mtu magoti.

Mwalimu yeyote hapa Dodoma mwenye maabara, hata ya mashine chakavu, aje PM nimwekee bure aone mwenyewe. Na anayebisha aje na hoja, "cha bure" siyo hoja.