Mikwaruzo midogo kwenye vioo vya madirisha: dawa ya meno, rangi ya kucha au seriamu oksaidi?

Mama wa Njiro
Wakuu, habari za jioni. Tumehamia nyumba mpya huku Njiro, vioo vya sebuleni vimejaa mikwaruzo midogo. Nadhani mafundi rangi walikwangua matone ya rangi na saruji kwa wembe bila kulowesha. Jua la asubuhi likipiga, yote inaonekana. Nimetajiwa dawa ya meno, rangi ya kucha ile angavu, na seriamu oksaidi, ule unga wa kung'arishia vioo. Ipi inafaa kweli, kabla sijaanza kuwaza vioo vipya?

Mkazi wa Sakina
Dada, kwanza hakikisha ni mikwaruzo. Maji yakikaukia kwenye kioo huacha alama nyeupe zinazofanana nayo. Paka siki nyeupe, subiri dakika chache, futa kwa kitambaa laini. Ikitoka, kazi imeisha. Isipotoka, mimi hutumia dawa ya meno nyeupe, siyo ya jeli, kwa kitambaa chenye unyevu, nikizungusha taratibu. Inapunguza.

Fundi Vioo Moshi
Siki nakubali. Kwenye dawa ya meno tuelewane vizuri, watu wanachosha mikono bure. Kwa kipimo cha Mohs, ugumu wa kioo cha dirisha ni kama 5.5. Dawa nyingi za meno zina kalsiamu kaboneti, ambayo ni 3 tu. Kilicho laini hakili kilicho kigumu. Kinachotoka ni uchafu na ukungu wa juu, kwa hiyo kioo kinang'aa na mkwaruzo unabaki palepale. Zenye silika zinajitahidi kidogo zaidi.

Pitisha ukucha. Ukikwama, acha, badilisha kioo. Ukisaga hadi kina hicho utaacha bonde, na Mlima Meru ukiutazama dirishani utaonekana umepinda.

Ukucha ukiteleza, seriamu oksaidi ndiyo jibu. Ikiwa na maji, haikwaruzi tu, inashikana kikemikali na uso wa kioo na kuuondoa kidogo kidogo. Ndiyo maana wanaosaga lenzi wanaitumia. Bandika utepe upande wa pili usipoteze alama. Vaa barakoa na miwani, koroga unga na maji uwe kama uji mzito, paka, kisha sugua kwa felti (kitambaa kinene cha sufu) iliyofungwa kwenye drili, mwendo mdogo. Kioo kisikauke hata mara moja. Kiguse kila baada ya muda mfupi: kikiwa cha moto, simama, maana joto la sehemu moja hukipasua. Usifanye juani.

Kijenge Juu
Rangi ya kucha inajaza mkwaruzo, haiuondoi. Kwa mstari mmoja inasaidia: paka kidogo, ikikauka futa ya ziada kwa asetoni. Kwa kioo kizima kilichochakaa, hapana, na juani hugeuka njano. Msasa usiuguse kabisa, chembe zake ni ngumu kuliko kioo.

Mama wa Njiro
Asanteni sana. Fundi, madirisha ya upande wa barabara yana tinti ya kubandika kwa ndani. Na nifute vipi nisiongeze mingine?

Fundi Vioo Moshi
Mama, tinti ni plastiki. Mkwaruzo ukiwa kwenye tinti, hakuna cha kusugua, inabanduliwa na kubandikwa nyingine. Ukiwa upande wa nje, fanya kama nilivyoeleza.

Kufuta ndiko kwenye shida kubwa. Vumbi letu Arusha na Moshi limetokana na miamba ya volkano, lina chembe za madini ya feldispa zenye ugumu wa 6, zaidi ya kioo. Ukifuta kavu kwa gazeti unazisugulia humo. Mwagia maji kwanza, yashuke na vumbi, kisha sabuni na sponji laini, malizia kwa mpira wa kufutia vioo.

Anza na kioo kidogo, cha chooni au stoo, mkono uzoee. Na vile vioo vya kubadilishwa, fremu ya aluminiamu inabaki. Nenda dukani na urefu, upana na unene wa kioo chenyewe.