Urea kwenye mahindi: kwa nini mwitikio wa mavuno unatoka mkubwa mno?

Mtafiti wa Urambo
Ndugu zangu, nina takwimu za wakulima wa mahindi wa Urambo na Sikonge, mkoani Tabora, kwa misimu miwili. Nimekadiria mavuno kwa ekari kutokana na kilo za urea kwa ekari, nikaongeza kipeo cha pili cha urea (urea mara urea) ili mstari uweze kupinda. Haupindi, na kila kilo ya urea inaonekana kuleta mahindi mengi kuliko ninayoyaona shambani. Ekari na magunia ni kama wakulima walivyonitajia. Nimekosea wapi?

Kalamu ya Uyui
Ndugu, anza na ekari. Umegawa mavuno kwa ekari, na mbolea pia kwa ekari zilezile. Mkulima akikutajia shamba dogo kuliko lilivyo, namba zote mbili zinapanda pamoja. Aliyevuna kilo 900 kwa mfuko mmoja wa kilo 50 kwenye ekari 1.5, akikuambia ni ekari moja, anaingia kwenye jedwali na 900 na 50, ilhali ukweli ni 600 na 33. Kosa hilo linasogeza kila shamba kwenye mstari mnyoofu unaotoka sifuri, na ndiyo maana kupinda kunapotea. Mwanatakwimu Karl Pearson alionya juu ya uhusiano wa namna hii mwaka 1897. Zunguka mashamba na GPS, hata kama ni sehemu tu ya sampuli. Na magunia uyapime kwa mizani, kwa sababu lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, si gunia la kawaida.

Mama Shamba
Naongezea jambo ambalo kwetu Tabora halikwepeki: anayenunua urea mara nyingi ndiye anayepanda mvua za kwanza na kupalilia mapema, kwa hiyo bidii yake inahesabiwa kuwa kazi ya mbolea. Mwanauchumi wa kilimo Yair Mundlak alilishughulikia tatizo hili mwaka 1961 kwa kumlinganisha mkulima na nafsi yake mwenyewe katika misimu tofauti. Uliza pia kama shamba lilikuwa la tumbaku msimu uliopita, maana mbolea yake hubaki udongoni.

Mtafiti wa Urambo
Nashukuru sana. Mashamba mengi ni yaleyale misimu yote miwili, basi nikitumia logi (logarithm) za mavuno na urea, na kutoa msimu mmoja kwenye mwingine, kosa la ekari lisilobadilika si litafutika?

Kalamu ya Uyui
Litafutika, ila wasiotumia urea kabisa hawana logi, maana sifuri haina logi, nawe ukiwaacha unapoteza mwanzo wa mstari, pale hasa mwitikio unapotakiwa kuonekana. Kwa hao hakuna njia ya mkato: kapime.