Cape Town na Garden Route kutoka Nairobi: kundi la wakala au basi la panda-shuka?

Mwalimu wa Donholm

Habari zenu wadau. Mimi na mdogo wangu wa kike tumeweka akiba ya kwenda Afrika Kusini Desemba, shule zikifungwa. Tangu Januari 2023 sisi Wakenya tunaingia bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka, kwa hiyo kilichobaki ni nauli na mpango. Tunataka kuanzia Cape Town, halafu tufuate barabara ya N2 kuelekea mashariki, kupitia ukanda wa pwani unaoitwa Garden Route: Mossel Bay, Wilderness, Knysna, Plettenberg Bay, Storms River, hadi Gqeberha, ile iliyokuwa ikiitwa Port Elizabeth. Kutoka hapo turudi nyumbani kwa ndege kupitia Johannesburg.

Nina mipango miwili mezani. Wa kwanza ni wa wakala wa hapa mjini: kundi, kiongozi, hoteli na kifungua kinywa, kila siku imepangwa saa kwa saa, na unalipa mdogo mdogo kwa M-Pesa. Wa pili ni tiketi ya panda-shuka: unalipia njia nzima mara moja, unashuka mji uliokuvutia, unakaa utakavyo, kisha unapanda basi linalofuata. Mdogo wangu anautaka huo wa pili. Mimi napenda kujua mapema nitalala wapi. Nikijumlisha malazi na chakula, bei hazijaachana sana. Waliotangulia naomba mtuambie.

Binti Likoni

Mwalimu, kama bei zinakaribiana, basi amua kwa kuangalia upepo. Nasema hivyo nikijua vizuri ninachokisema.

Desemba ni kiangazi kule, na Cape Town kiangazi ndicho wakati wa upepo wa kusini-mashariki. Unavuma siku nzima, wakati mwingine siku mbili tatu mfululizo, na wingu jeupe linaufunika Table Mountain juu yote. Upepo ukizidi, gari la waya linalopandisha watu mlimani linasimamishwa. Hakuna wa kubembelezwa hapo, ni usalama. Boti za kwenda Robben Island, kile kisiwa chenye gereza la zamani, nazo huahirishwa bahari ikichafuka.

Mimi nilikwenda na kundi. Siku ya mlima kwenye ratiba yetu ilikuwa moja tu, asubuhi, na asubuhi hiyo gari la waya halikufanya kazi. Kesho yake anga lilikuwa safi kabisa, mlima umejianika wote, na sisi tumeshapakia mabegi tunaelekea Mossel Bay. Kiongozi wetu alikuwa mtu mwema na alijua kazi yake, lakini hakuwa na ruhusa ya kubadilisha hoteli za watu wote. Ratiba ikishafungwa, hasara ya hali ya hewa inakuwa yako. Ukiwa huru unasubiri kesho.

Kwa hiyo nashauri usilipie mpango wowote unaokupa asubuhi moja tu ya Table Mountain. Hilo kwangu halina mjadala.

Baba Imani, Kasarani

Namheshimu Binti Likoni ila mimi nasimama upande wa kundi. Nilikwenda na mama yangu mzazi, magoti yake si ya kupanda na kushuka basi na begi mkononi. Kwake kundi lilikuwa ndilo safari yenyewe: mtu wa kumshika mkono, chumba kikimngoja, wenzake wa kuzungumza nao jioni. Wanachama wa chama chake cha akiba walisafiri hivyo hivyo na wakafurahi.

Halafu kuna sehemu ambazo usafiri wa umma haufiki. Cape Point kwenyewe, ile ncha ya rasi kusini mwa Cape Town, ndani ya hifadhi, huendi kwa basi la abiria. Lazima uwe na gari au ujiunge na watu wa ziara. Wale pengwini wa Boulders pale Simon's Town wako njia hiyo hiyo, kwa hiyo kundi linakuonyesha vyote kwa siku moja.

Ila Mwalimu, kabla ya kulipa arbuni muulize wakala maswali haya, na akujibu kwa maandishi. Je, ana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii? Kundi lisipofikia idadi anayoitaka, safari inaahirishwa au pesa inarudi, na inarudi baada ya muda gani? Tiketi ya gari la waya na ya Robben Island zimo ndani ya bei, au zimeandikwa “hiari”? Neno hilo hiari ndilo linalowatoboa watu mifuko wakishafika. Na ukitaka chumba chako peke yako, nyongeza ni kiasi gani? Nyinyi mko wawili, hilo la mwisho halitawaumiza.

Mkaazi wa Kilimani

Kodini gari. Wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, leseni yetu imeandikwa kwa Kiingereza na wanaikubali, barabara ya N2 ni nzuri. Mahitaji ni kadi ya mkopo kwa ajili ya amana, debit mara nyingi wanaikataa.

Mwalimu wa Donholm

Asante @Mkaazi wa Kilimani, ila hakuna anayeendesha kati yetu. @Binti Likoni umenifungua macho, kwenye ratiba ya wakala kweli mlima umepewa asubuhi moja. Hofu yangu ni hii: sisi ni wanawake wawili. Hilo basi la panda-shuka linatushusha wapi, na saa ngapi?

Nyayo za Rongai

Swali zuri, na jibu linategemea basi gani, maana watu huchanganya vitu vitatu.

Kuna yale mabasi mekundu ya ghorofa ya pili iliyo wazi ndani ya jiji la Cape Town. Hayo ni ya kuzunguka mjini tu: unapanda asubuhi, unashuka kituo cha chini cha gari la waya, unaendelea hadi bustani ya Kirstenbosch au Hout Bay, jioni umerudi ulipoanzia. Ni mazuri sana kwa siku ya kwanza, na hayakupeleki Knysna.

Kuna mabasi ya kawaida ya masafa. Haya ni kama ya kwetu ya kwenda Mombasa au Kisumu, tiketi ni ya kutoka hapa hadi pale. Mara nyingi yanakushusha kituo cha mafuta pembeni mwa mji, na ratiba inaweza kukuangusha usiku. Kwa wanawake wawili na mabegi sipendekezi, isipokuwa mmeshapanga na mwenye nyumba ya wageni aje awachukue.

Kuna basi la panda-shuka lenyewe, la wasafiri wa mabegi ya mgongoni, ambalo sifa yake kubwa ni kukushusha mlangoni pa hosteli. Hapo ndipo usalama wake ulipo. Biashara ya namna hii iliumia sana mwaka 2020 wakati wa korona, na mtandaoni zimejaa makala za zamani zinazoisifu kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo kabla ya kulipa, piga simu kwenye hosteli mbili tatu za njia hiyo, uwaulize ni basi gani linafika kwao sasa hivi na siku zipi za wiki. Wenye hosteli hawana sababu ya kukudanganya, wanalisubiri hilo hilo basi liwaletee wateja.

Tena huo uhuru una masharti. Unashuka popote, ndiyo, lakini kiti cha kuendelea lazima ukiwekeshe kabla, na kitanda vilevile. Desemba Waafrika Kusini wenyewe wako likizo na Garden Route yote inajaa. Mwanzo wa mwezi Plettenberg Bay hufurika vijana waliomaliza mtihani wa mwisho wa sekondari. Mwezi huo tiketi ya panda-shuka inageuka ratiba kama ya kundi, ila umeipanga mwenyewe na hakuna wa kumlaumu wala wa kukusaidia.

Na kushuka si kufika. Chukua treni yetu ya asubuhi ya SGR inayosimama vituo vya kati: ukishuka Voi uko karibu kabisa na Tsavo Mashariki, lakini bila gari huingii kuwaona ndovu. Addo, mbuga ya ndovu iliyo kilomita 70 hivi kutoka Gqeberha, ni vivyo hivyo. Pale jiunge na kundi la siku moja, halafu urudi kwenye mambo yako.

Baba Imani, Kasarani

Hapo kwa Addo na Cape Point nakubaliana nawe kabisa. Na kwa mzazi mwenye umri bado nasema kundi.

Binti Likoni

Nyayo amesema kweli kuhusu Desemba, nami najiuliza, Mwalimu, kwa nini isiwe likizo ya Aprili? Upepo unakuwa umepungua, mvua za kipupwe hazijaanza sawasawa, na Pasaka ikishapita msongamano unashuka. Table Mountain ya Aprili ni kitu kingine.

Na msigawe usiku sawasawa kila mji. Wekeni usiku mwingi Cape Town, mlima upandeni asubuhi ya kwanza yenye anga safi hata kama mlikuwa na mpango mwingine. Mossel Bay mnaweza kuipita. Wilderness na Storms River zinastahili mtu akae: Storms River kuna daraja la kamba juu ya mdomo wa mto na msitu wa kutembea kwa miguu. Mdogo wako akitaka kuruka na kamba, daraja la Bloukrans liko karibu, mita 216 kwenda chini. Mimi nilitazama tu.

Giza likiingia itisheni teksi kwa simu kama mnavyofanya hapa Nairobi, na msipande njia za mlimani wawili peke yenu na simu mkononi. Watu huporwa huko.

Mwalimu wa Donholm

Wadau, tumekaa na mdogo wangu jana jioni tukaamua. Tunahamishia Aprili, baada ya Pasaka. Hatulipi kundi la safari nzima. Cape Town tunakodi chumba kimoja bila kuhamahama, Cape Point na Addo tunajiunga na ziara za siku moja. Kwa njia ya N2 nimeshaandikia hosteli za Wilderness na Storms River kuuliza basi. Wilderness wamejibu, wamenitajia siku na kusema linafika mlangoni mchana. Storms River bado. Wakala wa hapa alipoulizwa kuhusu asubuhi ya pili ya mlima alisema haiwezekani, hivyo tumeachana kwa amani.

Nyayo za Rongai

Sawa kabisa. Tiketi ya Robben Island nunueni mapema mtandaoni, na muiweke siku za mwanzo za Cape Town, ili boti ikiahirishwa mpate siku nyingine. Wanaowatembeza gerezani ni watu waliofungwa humo humo kwa siasa, na umri umewapita. Mkipata nafasi ya kuwasikiliza msiiache.

Baba Imani, Kasarani

Na cheti cha homa ya manjano, kwa sababu mnatoka Kenya mtaulizwa. Chanjo iwe imepita angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Kama mlishachanjwa zamani cheti bado kinafaa, tangu 2016 ni cha maisha. Chimbueni kabatini kabla ya kulipa upya.